Nimepewa rasimu ya utaratibu wa malalamiko ya wanafunzi, Jumamosi tunapitisha. Niangalie nini?

FundiMbuyuni (Jumatatu, saa 4 usiku)

Wakuu, habari za usiku. Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, kibaraza changu kiko Mbuyuni, kazi kubwa ni sare za shule. Mwaka jana wazazi walinichagua kuingia kamati ya shule ya msingi anayosoma mtoto wangu. Sababu naijua: nilikaa mstari wa mbele na nilikuwa nimevaa koti. Tangu hapo tumejadili vyoo, madawati na uji. Ijumaa iliyopita mwalimu mkuu katugawia karatasi nne zilizopigwa chapa, kichwa chake "Utaratibu wa Kushughulikia Ubaguzi na Malalamiko ya Wanafunzi", kasema tusome, Jumamosi tupitishe. Wajumbe wawili walizikunja palepale wakatia mfukoni. Mimi nimezisoma mara tatu, na nina sababu yangu.

Naishi na binti wa marehemu dada yangu, yuko darasa la nne, ana ualbino. Mwezi wa pili nilimshonea kofia ya ukingo mpana, kitambaa kilekile cha sketi ya shule, ili wasiseme anajipambanua. Alivaa siku mbili. Ya tatu ilikuwa ya michezo, mwalimu wa zamu akamvua mstarini, "kofia si sare", ikaenda kukaa juu ya kabati la ofisi ya walimu. Watoto walikuwa uwanjani tangu saa nne mpaka saa saba. Alirudi shingo na masikio yamebabuka. Kliniki ya ngozi pale hospitali ya KCMC, tunakochukua Kilisun, ile losheni ya kukinga jua inayotengenezwa hapahapa Moshi, nesi akaniuliza kofia iko wapi. Sikuwa na jibu. Nikaenda shule, nikaambiwa andika barua. Nikaandika. Wiki tisa sasa, barua haijajibiwa na kofia haijashuka kabatini.

Sasa someni wenyewe. Kifungu cha 1: "Shule haivumilii ubaguzi wa aina yoyote." Kimeishia hapo. Kifungu cha 3: mwenye malalamiko ayapeleke kwa maandishi kwa mwalimu wake wa darasa. Cha 4: au atumie sanduku la maoni lililo mlangoni mwa ofisi ya walimu, ufunguo anao mwalimu wa nidhamu. Cha 6: malalamiko yatashughulikiwa "mapema iwezekanavyo". Cha 7: mwanafunzi atakayebainika kutoa malalamiko ya uongo ataadhibiwa vikali. Cha 9: uamuzi wa mwalimu mkuu ni wa mwisho.

Mimi nasoma nguo, sheria sizijui. Nguo ikikaa vibaya naona ni mshono upi. Hii karatasi inanibana makwapani lakini sijui nifumue wapi. Nisaidieni.

---

MwalimuMstaafu_Rau (Jumatatu, saa 5 usiku)

Fundi, pole kwa mtoto, na hongera kwa kusoma. Nimekaa kwenye kamati hizi miaka mingi nikiwa upande wa meza ya mwalimu mkuu, na nakiri karatasi tulizopitisha bila mtu kuzisoma ni nyingi kuliko tulizosoma.

Anza na kifungu cha 1. "Aina yoyote" haimkamati mtu. Mwalimu aliyemvua mtoto kofia ukimwambia amebagua atashangaa kabisa, yeye anaona alikuwa anasimamia sare. Kwa hiyo taja. Huna haja ya kutunga, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 5, imeshaorodhesha: jinsia, rangi, umri, dini, lugha, ulemavu, hali ya afya, mila, kabila, kutoka shamba au mjini, hali ya kipato cha nyumbani, hata ukimbizi. Nakili hiyo. Halafu chini yake andika mifano ya shuleni kwenu, mitatu au minne, kwa Kiswahili cha watoto: kuitwa jina la kabila lako kama tusi, kukalishwa nyuma wakati huoni ubao, kukatazwa kuvaa unachohitaji kwa ajili ya afya. Ongezeni pia msichana aliyerudi masomoni baada ya kujifungua. Tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi shule ya serikali, na utashangaa maneno anayopokelewa nayo getini.

Kifungu cha 7 kinanitia hofu kuliko vyote. "Ataadhibiwa vikali" kwa lugha ya shule zetu ni fimbo. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema anayechapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemruhusu yeye kwa maandishi, havizidi vinne, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na kila mara iandikwe kitabuni. Tena ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu. Mtoto aliyekuja kusema jambo, hata kama amekosea, hayumo humo. Kifungu hicho kikibaki sanduku lenu litajaa buibui.

Jambo moja hujaliuliza nami nakuambia kwa sababu nakuheshimu. Wewe ni mlalamikaji na ni mjumbe. Kikao kikifunguliwa tu simama useme: nina shauri langu halijajibiwa. Usipolisema wewe atalisema mwingine, na hapo rasimu nzima itaitwa "mambo ya kofia ya fundi".

---

Mama_wa_Kiboriloni (Jumanne, saa 1 asubuhi)

Naomba kuuliza nami hapohapo. Shuleni kwa wanangu ambao hawajatoa mchango wa uji wanaambiwa wasubiri pembeni mpaka wenzao wamalize, kikibaki wanapewa. Hawafukuzwi, maana tangu Januari 2018 Rais Magufuli alipopiga marufuku michango walimu wanaogopa kumrudisha mtoto nyumbani. Ila wanasimama pale ukutani na vikombe. Mwanangu wa mwisho siku hizi hataki kubeba kikombe, anasema hana njaa. Je, na hiyo ni ubaguzi au ni mimi tu nina uchungu?

---

MwalimuMstaafu_Rau (Jumanne, saa 2 asubuhi)

Mama, ni ubaguzi. Hali ya kipato imetajwa kwenye kifungu hichohicho cha 5. Kudai mchango ni mazungumzo ya watu wazima. Mtoto na kikombe chake hawamo.

---

chaki_na_vumbi (Jumanne, saa 8 mchana)

Mimi nipo darasani sasa hivi, Arusha, wanafunzi 94 kwenye chumba kimoja, na naandika hapa wakati wa mapumziko. Naona mnamsulubu mwalimu. Mnajua mwalimu wa zamu anaambiwa nini na wakubwa wakija wakakuta mtoto mmoja kavaa tofauti? Anaulizwa yeye. Sijasema alifanya sawa, nasema mwongozo wa sare ungetaja kofia asingemvua mtu.

Na malalamiko ya uongo yapo, tusidanganyane. Nimewahi kuitwa ofisini kwamba nambagua mtoto kwa dini yake. Kumbe baba yake na mwenye nyumba ninayopanga wana ugomvi wa kiwanja, wakamtuma mtoto. Wiki mbili nilitembea shuleni kama mwizi. Hakuna aliyeniuliza upande wangu mpaka siku ya uamuzi. Kwa hiyo fundi, ukifumua kifungu cha 7 usikiache wazi. Andika kwamba anayelalamikiwa aelezwe tuhuma na asikilizwe kabla ya uamuzi, na jina lake lisitangazwe mstarini wala kwenye mkutano wa wazazi. Mtoto akibainika amedanganya, aitwe na mzazi wake, wazungumzishwe. Mtu mzima aliyemtuma ndiye mwenye kesi.

Na hilo la kupeleka kwa maandishi, mimi mwenyewe linanichekesha. Darasani kwangu wapo wanaoandika "malalamiko" kwa herufi sita.

---

FundiMbuyuni (Jumanne, saa 3 usiku)

Mwalimu wa Arusha, umenipiga pazuri. Sikuwa nimefikiria upande wa mwalimu hata kidogo, nilikuwa namuona yule wa zamu tu. Hilo la kusikilizwa nimeliandika.

Bado kifungu cha 3 na cha 4. Kama anayembagua mtoto ni huyohuyo mwalimu wa darasa, barua anampa nani? Na sanduku liko mlangoni mwa ofisi, walimu kumi na wanane wanapita hapo. Nimemuuliza binti yangu, "ungetumbukiza?" Akanijibu, "Mjomba, pale si ndipo kofia ilipo?"

---

Tengeru_hadi_Minnesota (Jumatano, saa 11 alfajiri kwenu)

Salamu kutoka kwenye baridi. Kwetu Tengeru, ila huku Marekani nimefanya kazi ya msaidizi wa darasa miaka sita, nikakalimani pia kwa wazazi wa Kikongo wanaosema Kiswahili. Sera za namna hii nimezitafsiri mpaka nikachoka, kwa hiyo nawapa niliyoyaona, mchague.

Kwanza, huku "wilaya ya shule" si wilaya kama Hai au Arumeru. Ni mamlaka ya shule peke yake, mara nyingi ina bodi inayochaguliwa na wananchi, na sera ni za bodi hiyo. Bodi ya nilikokuwa haikupitisha sera siku moja. Ilisomwa kikao kimoja, ikaachwa watu waisome, ikarudi kikao kingine. Fundi, ombeni hata wiki mbili.

Juu ya hizo bodi kuna sheria za nchi nzima. Ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza ubaguzi wa rangi na asili ya mtu kwenye taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu, ya 1972 wanayoiita Title IX inahusu jinsia, na ya 1973, kifungu cha 504, inahusu ulemavu. Zinabana kwenye mambo madogo ambayo karatasi yenu imeyaacha. Mfano, Title IX inadai wilaya itaje ofisa anayehusika, jina au cheo chake, na anwani na simu. Huwezi kuandika "uongozi wa shule" ukaishia hapo. Kumlipizia kisasi aliyelalamika ni kosa jingine peke yake. Na mzazi asiporidhika anaweza kupeleka shauri ofisi ya haki za kiraia ya wizara ya elimu yao, kwa kawaida ndani ya siku 180 tangu jambo litokee. Kwa hiyo neno la mkuu wa shule si la mwisho.

Ila msidhani karatasi inatosha. Nilikaa na mama mmoja wa Kikongo, mwanawe alikuwa anaitwa nyani kwenye basi la shule. Sera ilikuwa kurasa kumi na mbili za Kiingereza. Alikuwa ameitia sahihi mwanzo wa mwaka pamoja na fomu ya chakula, hajui ni nini. Yenu ni kurasa nne za Kiswahili, tayari mmewazidi.

La mwisho, na kwangu ndilo kubwa kwa binti yako. Chini ya hicho kifungu cha 504 mtoto mwenye ulemavu huandikiwa mpango wake: akae wapi, avae nini, apewe muda gani, nani ahakikishe. Unaandikwa kabla, kila mwalimu anayemfundisha anapewa. Kofia ikiwa kwenye mpango, mwalimu wa zamu anaisoma na mambo yanaishia hapo. Unashona utaratibu wa malalamiko wakati kofia haikutakiwa kufika kwenye malalamiko.

---

MwalimuMstaafu_Rau (Jumatano, saa 3 asubuhi)

Huyu wa Minnesota ameniwahi. Kwetu pia mlango upo, ni Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010. Tena Baraza la Mitihani lenyewe huandaa karatasi za maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu na kuwaongezea muda, na binti yako mwaka huu ana upimaji wa darasa la nne. Hakikisha shule imemwandikisha hivyo. Haiwezekani taifa zima limkubalie mwezi wa mitihani halafu uwanja wa shule umkatalie miezi mingine yote. Wajumbe wakikuambia kofia ni upendeleo, waambie hilo.

Mpango wake uwe nusu ukurasa. Akae mbele, ila asitazamane na dirisha, maana mwanga mkali nao unamsumbua. Kofia na mikono mirefu ruksa, siku za michezo apewe kazi ya kivulini, kuhesabu pointi kwa mfano, na asifungiwe darasani peke yake. Ruhusa ya kwenda mwenyewe kusoma ubaoni.

Kuhusu sanduku: lihamishwe. Kwenye shule niliyostaafia lilikaa karibu na bomba la maji, kila mtoto anafika hapo na hakuna anayemshangaa. Funguo ziwe mbili tofauti, moja kwa mwalimu wa malezi, nyingine kwa mjumbe wa kamati asiye mwalimu, na lisifunguke mpaka wawepo wote. Kila Ijumaa. Yaandikwe kwenye daftari lenye namba za kurasa, ili ukurasa ukichanwa ionekane.

Kusema kwa mdomo kuruhusiwe, kwa mtu mzima yeyote wa shule anayemwamini, hata mpishi. Aliyeambiwa ndiye aandike.

Na ngazi: mwalimu mkuu, kisha kamati, kisha Afisa Elimu Kata, kisha ofisi ya elimu ya halmashauri. Wekeni siku. Saba za kujibu kwamba tumepokea na tunafanya hivi, thelathini za kumaliza. "Mapema iwezekanavyo" ndiyo iliyokula wiki zako tisa.

Lakini yapo yasiyopanda ngazi hata moja. Mtoto akishikwashikwa mwilini, akipigwa akaumizwa, akitishiwa maisha (na kwa mtoto mwenye ualbino nchi hii, hili la mwisho msilichukulie kama utani wa watoto hata siku moja), ni siku hiyohiyo kwa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi. Namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, ni bure. Ipakwe rangi ukutani penye bomba hilohilo.

---

mangi_wa_Soweto (Jumatano, saa 6 mchana)

Mnamjazia fundi kurasa arobaini. Mwalimu mkuu ataziona ataahirisha kikao mpaka Krismasi. Mangi chagua matatu, mengine yasukume kikao kijacho.

---

chaki_na_vumbi (Jumatano, saa 8 mchana)

Hapo nakubaliana. Na ongea na mwalimu mkuu kabla, peke yenu, usimvizie kikaoni mbele ya wajumbe. Mimi kwa uzoefu wangu mwalimu mkuu aliyeshtukizwa hapitishi hata chai.

---

FundiMbuyuni (Jumamosi, saa 2 usiku)

Nimerudi. Shikamoo mwalimu wa Rau, na asanteni wote.

Alhamisi nilimfuata mwalimu mkuu baada ya vipindi, nikabeba na suruali yake niliyokuwa nimempunguza kiuno tangu Pasaka. Tuliongea saa nzima. Rasimu kumbe hakuitunga yeye, aliipata kwa mwenzake wa shule nyingine, na huyo naye aliipata kwa mwingine. Kifungu cha 9 alisema wazi hakukipenda, kinamfanya kila ugomvi umalizikie shingoni kwake.

Leo tulikuwa wajumbe saba. Nikasimama mwanzo kabisa nikasema nina barua yangu haijajibiwa. Kimya. Mjumbe mmoja, yule aliyekunja karatasi, akasema basi na liandikwe kwamba mwenye shauri anatoka nje shauri lake likijadiliwa. Wote wakaunga mkono, na mimi nikaunga mkono, nikijua linanihusu mimi.

Yaliyopita: orodha ya Sheria ya Mtoto imeingia nzima, na mifano minne, ya uji na vikombe ikiwa mmojawapo (Mama wa Kiboriloni, huo ni wako, hata hapa shuleni kwetu walitazamana). Sanduku linahamia bombani, funguo mbili, ya pili amepewa mama anayeuza ndizi getini, ambaye ni mjumbe na watoto wote wanamjua. Kusema kwa mdomo, ndiyo. Siku saba, ndiyo. Thelathini wamefanya arobaini na tano, nikanyamaza. Kifungu cha 7 kimeandikwa upya karibu kama alivyosema mwalimu wa Arusha, na walimu wawili waliokuwepo ndio waliokitetea kuliko sisi wazazi. Uamuzi wa mwisho wa mwalimu mkuu umefutwa, ngazi zimewekwa. Mpango wa mtoto mmoja mmoja umesukumwa mwezi ujao, wanasema wanataka kwanza kujua wako wangapi.

Likaja la kofia. Nikatoka. Nimekaa chini ya mwarobaini nje ya ofisi dakika kama ishirini na tano, naona midomo inatembea dirishani, sisikii neno. Kuna mahali mwalimu wa zamu alisimama akaongea kwa mikono yote miwili. Sijui alisema nini, na sitauliza, ndiyo kanuni niliyoipigia kura.

Waliponiita mwalimu mkuu alikuwa ameishika kofia, ina vumbi la kabati. Imekubaliwa, rangi iwe bluu ya sketi kama ilivyo, kwa barua ya kliniki ambayo nitaileta Jumatatu. Halafu akaniuliza kama naweza kushona na ya mtoto wa darasa la pili, mvulana. Sikujua hata kwamba yupo. Amekuwa akiwekwa darasani siku zote za michezo, huko shuleni wanaona wamemsaidia.

Sasa nina swali la ufundi, mwenye uzoefu anisaidie. Kitambaa cha sketi ni kizito, kwa jua la Moshi naogopa kitawatokosa kichwa. Nikiweka cha bluu juu na cha shati ndani, ukingo inchi tatu na nyuma nishushe pazia la kufunika shingo, ukingo utasimama bila kutiwa kanvasi (kile kitambaa kigumu cha ndani), au utaning'inia machoni?